Kesho Asubuhi

Jina lake la kwenye karatasi lilikuwa herufi tano na kistari,
limeandikwa ubavuni kwa rangi ya buluu.
Sisi wa Katubuka tuliibatiza wenyewe:
Kesho Asubuhi.
Ndilo jibu tulilopewa
kila tulipouliza.

Mimi nilikuwa wa mizani.
Miaka kumi na tisa nimepima
madumu ya mawese yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
maboksi ya dagaa yenye majina ya watu wa Ilala,
na bwana harusi mmoja, na suti yake,
kwa amri ya rubani.

Ilikuwa na injini mbili mkiani
na mojawapo ilikuwa na kisirani.
Fundi Nzigo alipanda na tochi, bisibisi
na kipande cha sabuni ya mche,
akashuka na oili hadi kwenye nyusi:
"Inataka kubembelezwa."
Akaipiga kofi kama ng'ombe aliyegoma njiani,
na siku nyingine, Mungu anisamehe,
kofi lilitosha.

Siku nyingine halikutosha.
Mwalimu Buyogera alikaa siku tatu kwenye benchi letu,
tiketi mfuko wa shati,
baba yake akazikwa Dar bila yeye.
Hakugombana na mtu.
Aliniomba tu nimpimie begi upya,
"labda limepungua."

Na Yunisi wa Gungu, aliyekuwa akienda kujifungulia kwa dada yake,
alijifungulia nyuma ya kaunta yangu,
kati ya mizani na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.
Mtoto nilimpima. Mshale ulisitasita, ukakubali kilo tatu na robo.
Hakutozwa ziada.

Barua ya shirika ilifika Jumatatu, mistari minne.
Spea hazipatikani tena.
Gharama zimezidi mapato.
Aina hii ya ndege inastaafishwa kuanzia Ijumaa.
Asanteni kwa ushirikiano.
Niliikunja nikaiweka droo moja na yangu,
ya Desemba.

Basi Ijumaa.
Mji mzima ulijua tabia yake:
saa mbili maana yake saa sita,
saa sita maana yake nenda kaoge, ule,
ukamsalimie shangazi Ujiji, urudi.
Ikatua saa moja na nusu.
Fundi Nzigo hakugusa kitu.
Injini zote mbili ziliitika kwa pamoja,
laini, kama paka aliyeshiba mgebuka,
na saa mbili kamili vumbi jekundu likasimama,
nayo ikainama kidogo juu ya michikichi,
ikashika ziwa,
na viti hamsini na moja vitupu.

Saa mbili na nusu wakaanza kufika.
Bi Ntirampeba mbele, na madumu manne.
"Mwakeye. Haijatua bado?"
Imeondoka.
"Imeondoka na nani?"
Nikamwonyesha angani, ambako hapakuwa na kitu.
Akashusha dumu la kwanza, la pili,
akashika kiuno.
"Yaani sisi tumeisubiri miaka yote hii,
leo, siku moja tu,
ndiyo imeshindwa kutusubiri?"

Fundi Nzigo alicheka hadi miguu ikamwishia,
akakaa juu ya mizani.
Kilo sitini na moja.
Tulipoanza kazi alikuwa sabini na nne.
Sikumwambia.

Ngazi yake imebaki.
Ndege mpya huja na ngazi yake,
huitoa mlangoni kama ulimi.
Hii yetu haimfai mtu, gurudumu moja halina upepo.
Mlinzi anaanikia shuka,
kuku wake wanalala kidato cha nne.
Jana jioni Mwalimu Buyogera alikuja bila begi.
Akapanda taratibu, akiwapisha kuku,
akasimama juu kabisa, pale mlango ulipokuwa,
akatazama mbele
kwa muda wa mtu anayetafuta namba ya kiti.
Kisha akashuka.

Sikumdai tiketi.