Rimu ya Mwisho

Mji wetu ulinuka mayai viza.
Wageni walishuka Webuye wakiziba pua,
nasi tukawacheka: itazoea hiyo.
Mabati yetu hayakumaliza miaka minne,
moshi wa kiwanda uliyatafuna kama mtoto na biskuti,
na mvua ilipopata tundu mama aliweka sufuria,
baba akasema, akivua buti za zamu ya usiku,
"Vumilieni. Hii ndiyo harufu ya vitabu."

Baba alikuwa Mukhwana wa mashine namba mbili.
Alileta nyumbani karatasi zilizokataliwa:
zilizokatwa kombo, zenye doa, zenye kovu la mkunjo.
Juu yake niliandika bila woga.
Nani aogope karatasi iliyokwisha kukataliwa?
Niliandika fahali wa Khaoya alivyoingia kanisani,
niliandika Nzoia ukibishana na mawe ya Nabuyole,
niliandika tusi nililolisikia sokoni,
nikalitia vina ili lipitike mbele ya mama.

Kisha bomba la moshi likanyamaza.
Siku ya kwanza tulidhani ni pua zetu.
Siku ya kumi buti za baba zilibaki mlangoni
zikitazama barabara.
Alikuja na rimu moja, ya mwisho,
nyeupe, haina doa, ingali na lakiri.
Ni malipo ya nini, hakusema.
"Hii," akaniambia, "iwekee shairi linaloistahili."

Hapo ndipo mkono wangu ulipokufa ganzi.
Rimu ikalala chini ya kitanda
nami nikalala juu yake miaka mitatu,
kuku anayeatamia mawe.
Kila wazo lililobisha hodi nililihoji:
una uzito gani? umetoka kwa nani? mbona huna viatu?
Mawazo yana haya. Yalirudi yalikotoka.
Mchana niliuza misumari na saruji dukani kwa Wafubwa,
usiku niliwasha taa, nikachonga penseli,
nikachonga, nikachonga,
nikabaki na kifutio.

Mwezi wa tatu niliivuta rimu nje.
Ilikuwa nyepesi.
Karatasi ya juu nzima. Kingo nzima.
Katikati, udongo: vijia, vyumba, ngazi,
mchwa wamejijengea mji ndani ya mia tano zangu
bila kumuuliza mtu kama wanastahili.
Sikulia. Nilikaa sakafuni nikiwatazama
wakipishana na mizigo, zamu ikipokea zamu.

Jioni moja mvua ilipokatika
ukuta wa nyuma ukapasuka, kumbikumbi wakamwagika.
Mama aliweka beseni la maji chini ya taa.
Baba, ambaye hakuwa amecheka tangu bomba linyamaze,
alitambaa kwa magoti akiwazoa,
mbawa zikimganda ndevuni.
Tuliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo,
tukawala na ugali wa wimbi.

Nikamwambia, "Baba, hiyo ni rimu yako."
Alitafuna. Akafikiri. Akakata tonge lingine.
"Basi," akasema, "ilikuwa karatasi nzuri."

Usiku ule niliuchana mfuko wa saruji,
nikakung'uta vumbi, nikatandika ule upande wa ndani.
*Mji wetu ulinuka mayai viza.*
Nikafuta "mji wetu". Nikairudisha.
Nilipiga chafya mpaka alfajiri.

Si kila usiku linakuja jambo.
Jana nimepata neno moja, nalo ni "kombo",
nimelala nalo hivyo hivyo.
Leo mteja mmoja kanunua mifuko sita ya kujengea choo;
nimempunguzia shilingi ishirini
kwa sharti kwamba, akishamaliza kumimina,
anirudishie makaratasi.