Ubao wa Nyuma ya Mashine

Jumamosi saa kumi na moja Mwakatobe anazima mashine ya kukoboa,
ndipo sisi tunawasha.
Kabla ya hapo haiwezekani. Mota yake huunguruma
ndani ya kila redio tuliyoiunda,
inatafuna sauti kama inavyotafuna mahindi.
Basi tunakaa juu ya magunia ya pumba,
makoti hadi shingoni, maana Juni ya Mwanjelwa haina utani,
tunasubiri kazi ya mtu iishe
ili mchezo wetu uanze.

Waya umetoka kwenye mparachichi, umeishia ukingo wa bati.
Mimi ndiye mshika chaki:
tarehe, saa, masafa, lugha, imesikika vipi.
*Mita arobaini na tisa. Kireno. Mtu anasoma bei za samaki,
au labda ni majina ya marehemu.*
*Mita thelathini na moja. Filimbi, kisha mwanamke, kisha mvua.*
Miaka saba tumeandika hivyo
na hakuna aliyemuuliza mwenzake, wewe unafanya nini.
Kwamba Ambakisye ni mhasibu nilijua siku alipofiwa na mama.
Kwamba Tusajigwe hana kazi
sikujua kabisa.

Nikakuta siku hiyo pameandikwa, katikati ya ubao,
kwa mwandiko unaoushinda wangu:
ANATAFUTWA FUNDI WA MINARA, MAKAMBAKO.
AWE NA CHETI. MSHAHARA NI MAELEWANO.
Na namba ya simu, ndefu kama treni.
Chini yake, imebanwa, imebaki nusu ya ya kwetu:
*... lugha haijulikani, wanacheka.*

Nilishika kitambaa.
Ambakisye akasema, acha, ugali haumtukani mtu.
Nikasema, ugali una jiko lake.
Leo fundi, kesho wauza mbolea, keshokutwa mkopo wa dakika tano,
na hao wanaocheka tutawaandika wapi, dirishani?
Akasema, polepole, anafunga kifungo cha koti:
wewe una pensheni ya Posta,
ndiyo maana ubao kwako ni madhabahu.

Hilo liliniingia. Halijatoka.

Nikafuta hata hivyo.
Nitasema kweli, nilifuta kwa raha,
vumbi likanikaa kwenye nyusi.
Tusajigwe alikuwa kwenye gunia lake la pembeni,
ananyoosha waya wa shaba kwa meno,
kiganja cha kushoto amekikunja.
Nikadhani ni baridi.

Kumbe namba ilikuwa humo, kwa wino wa kalamu,
ameinakili kabla sijafika.

Sasa gunia lake lina bonde tu la mtu aliyekaa.
Mwezi wa pili akatuma kikaratasi kwa konda wa basi la Njombe:
*Huku juu ya mnara sisikii kitu.
Jenereta usiku na mchana.
Simu za watu zinanipitia mwilini, hakuna hata moja yangu.
Ninyi mmesikia nini?*

Nikamnakilia ubao mzima, mbele na nyuma ya karatasi,
hata Kireno, hata mvua.
Sikumwomba msamaha. Sikujua niombe kwa lipi:
kwa kufuta,
au kwa miaka saba ya kutouliza.

Nimegongelea msumari nje ya mlango,
karibu na bei za kukoboa.
Wenye kazi watundike hapo, upepo wa Loleza uwasomee.
Ambakisye anasema nimeshindwa nusu.
Wengine wanasema msumari utaingia ndani wenyewe,
hatua kwa hatua, kama mbuzi.
Pengine. Nami nakiri, mshika chaki mzima,
nikifika siku hizi nauangalia kwanza,
namtafutia mtoto wa dada yangu.

Kisha naingia. Mwakatobe anazima. Tunawasha.
Jumamosi iliyopita niliandika hivi, na sijakifuta:
*Mita ishirini na tano. Hakuna sauti ya mtu.
Mngurumo mzito, haukatiki.
Labda ni mashine. Ya nchi nyingine.*