Mkata Tiketi

Baba yangu, Chedego, alikata tiketi
kwenye dirisha la sinema, Dodoma mjini, miaka kumi na minane.
Filamu ilianza yeye akihesabu shilingi,
akibishana na wachelewaji,
akifukuza watoto waliosimama kwa ncha za vidole.
Alipofunga droo na kuingia gizani
mtu alikwisha kufa, farasi wamekwisha kuchoka,
bibi harusi analia na hakuna wa kumwambia kwa nini.

Kwa hiyo baba ni bingwa wa miisho.
Muulize nani alimwoa nani,
nani alianguka kutoka juu ya treni.
Usimuulize walikutanaje.

Mama alikuwa kinyume chake.
Majarida yake yalikuja na garimoshi,
la Machi likisomwa Mei,
hadithi ikimshika mkono hadi kwenye kona ya ukurasa:
Itaendelea.
Toleo lililofuata aliliona sokoni Majengo,
limefungiwa karanga za mtu mwingine.

Usiku, chemli ikiwa imepunguzwa,
yeye alianza, baba akamalizia.
Hadithi mbili zisizojuana, mshono wa haraka haraka.
Sisi upande wa pili wa ukuta
tulidhani ni nguo nzima.

Mama hayupo tena.
Jumapili mwanangu Nyemo akaleta filamu ya zamani,
nyeusi na nyeupe, kaitoa kwa fundi simu, Barabara ya Saba.
Tukamketisha babu yake mbele kabisa, na bakuli la zabibu.
Upepo wa Julai ulisukuma vumbi chini ya mlango.

Ikaanza. Mwanzo wenyewe.
Yule jambazi mwenye kovu,
aliyechukiwa na baba miaka arobaini,
alikuwa mtoto, kabeba ndoo ya maji ya mamaye mgonjwa.
Akajikwaa. Kovu likatoka hapo.

Baba alibaki na zabibu mdomoni, hatafuni.
"Kumbe," akasema.
Na baada ya kitambo:
"Mimi nilipiga makofi alipopigwa risasi."

Tulizima kabla haijaisha.
Mwisho anaujua.

Sasa kuna kitabu kipya mezani, bado kinanuka gundi.
Zamani nikimsomea alinihimiza: ruka, ruka, fika.
Jana sikuwa nimemaliza hata ukurasa wa kwanza
akanishika kiwiko.
"Rudia," akasema. "Polepole.
Nani alikuwa amebeba nini?"