Mara Tatu

Napoli nilikaa miezi kumi na minne, ghorofa ya tano,
nikimtunza Bi Assunta na miguu yake.
Asubuhi nashusha kikapu kwa kamba hadi barabarani,
muuza mkate anatoa sarafu, anaweka mkate,
anavuta mara mbili: pandisha.
Alasiri, ukungu ukiondoka, bibi ananionyesha kwa fimbo
kisiwa kule baharini. Kapri.
Namwambia, hata kwetu Mwanza ipo,
wanakaa wenye mageti na mbwa.
Anacheka hadi anakohoa.

Sasa niko Mabatini, juu ya mawe,
ngazi mia na ushee, goti la kulia limegoma.
Nimefunga ndoo ya rangi kwenye kamba ya katani,
naishusha dukani kwa Lushinge:
sukari robo, dagaa wa mia tano,
na chenji yangu, usijisahaulishe!
Watoto wa Mama Ng'washi wanashangilia.
Mama mkwe anasema Ulaya imenifunza uvivu.
Sibishi.

Ila Lushinge anavuta mara tatu.
Nimemwambia mbili zinatosha, hasikii.
Mbili za kwanza, mkono unasubiri mkate.
Ya tatu, nanusa dagaa.
Napandisha.