Vipande Kumi na Kimoja

Mama yake aliandika tangu Ijumaa:
"Safari hii usinirudishie mtoto ana midomo ya mafuta."
Hakuna salamu. Mwisho kuna nukta,
na mimi nazijua nukta za Sikudhani.

Basi Jumamosi, kabla jua halijayashika mabati ya Mabibo,
tuko sokoni, Nyamizi na mimi,
juu ya fungu la elfu mbili.
Yeye anataka vile vya paketi, vinavyolia mdomoni,
vyenye picha ya simba kavaa miwani.
"Hivi navyo vitalia," namwambia.
Muuza viazi ananitazama
kama wateja wangu wanavyonitazama
nikisema simu itakuwa tayari jioni.

Nyumbani, nakata.
Mkono huu umefungua simu za nusu ya Kariakoo,
unaujua wembamba wa kioo, unaijua skrubu isiyoonekana.
Kiazi kitamu hakina skrubu.
Kipande cha kwanza kinene kama sabuni ya gesti.
Cha pili, nusu yake hewa.
Kwenye cha kumi ndipo mwanga wa dirisha unapita,
rangi ya chungwa,
na kivuli cha kidole cha Nyamizi upande wa pili.

Vinalala majini nusu saa. Maji yanakuwa meupe.
"Baba, vinatoka jasho?"
Vinatoa wanga.
"Wanga wale wa usiku?"
Hapana, mama. Hawa ni wa mchana, hawaruki na ungo.
Anacheka mpaka anakaa sakafuni.

Tunavifuta kimoja kimoja kwa taulo
kama watoto wa chekechea waliotoka kuoga.
Mafuta kijiko kimoja.
Nakipiga picha, kuwe na ushahidi.
Chumvi, binzari, pilipili manga,
chumvi tena, maana nimesahau kama nimeshatia.

Oveni ni ya mteja aliyeshindwa kulipia kioo.
Inavuma kama mtu aliyekumbuka deni.
Sinia la kwanza: mkaa mtupu.
La pili tunalilinda, tunachungulia, tunageuza,
kingo zinaanza kujikunja kama masikio,
ndipo LUKU inalia.
Pii. Pii. Pii.
Feni inazunguka kwa heshima mara mbili tatu, inasimama.
Kwenye simu yangu mimi, fundi simu,
salio ni shilingi mia nne.

Natoa jiko uani.
Sufuria kubwa, sinia ndani, mfuniko,
nakaa kupalia makaa juu.
Sikufundishwa na mtu; niliona tu,
Urambo, mama akioka mkate wa sikukuu.
Viazi hakuvioka. Alivikata, akavianika juani juu ya mwamba,
vikawa michembe, tukaitafuna njiani kwenda shule,
mifuko ya kaptula imejaa unga.
Hakuna aliyetuambia kwamba ni lishe.
Ilikuwa njaa yenye utamu.

Nyamizi anapima kwa sikio.
Anavunja pembe karibu na shavu langu: ka!
Hiki kinalia. Hiki bubu. Hiki bubu.
Bubu tunawala hapo hapo, moto, wanaunguza ulimi.
Wanaolia wanabaki kumi na mmoja.
Vinne vyangu, vinne vyake.
Vitatu anavifunga kwa karatasi ya daftari la hesabu,
nje ameandika kwa kalamu nyekundu: VYA MAMA. USIFUNGUE BABA.

Jumapili jioni namfikisha Kimara,
midomo mikavu, chumvi kidogo pembeni.
Mlango unafunguka, unafungwa.

Saa tatu usiku simu inatetemeka mezani
kati ya simu nyingine zilizofumuliwa.
"Chumvi imezidi."
Nukta.
Naiweka chini. Nashika bisibisi.
Inatetemeka tena:
"Vimebaki?"

Nukta zake nazijua.
Alama ya kuuliza sikuwahi kutumiwa.
Nazima taa ya mezani, navaa ndala,
natoka kutafuta kibanda kilicho wazi
nikanunue uniti.