Ukoko

Baba anataka kibao cha shaba mlangoni:
Uzao wa Walowezi wa Kwanza, Bonde la Merrimack.
Chama kinadai ushahidi, kizazi kwa kizazi, bila pengo.
Baba ana miaka themanini na tisa
na pumzi za kupimwa kwa kijiko.
Basi nimetumwa mimi, Lavinia, fundi bomba mstaafu,
niliyezoea kufuata mirija gizani
hadi panapovuja.

Chumba cha kumbukumbu kiko chini ya mahakama.
Karani, Bwana Thibodeau, ananipa glavu na penseli;
wino hauruhusiwi humu.
Nje, theluji ya Machi inageuka tope.

Nashuka ngazi ya majina:
Baba, Orrin. Orrin wa Lyman, aliyefilisika kwa kondoo.
Lyman wa Asahel, Asahel wa Jotham,
Jotham wa Jotham aliyekufa kabla mwanawe hajalia.
Jina letu lenyewe linabadili nguo kila karne:
Haskett, Hasket, Askit.
Makarani waliandika walichosikia,
na wazee wetu hawakujua kusoma ili wakatae.

Wanawake ni mashimo ukurasani.
Mke wa Jotham. Mjane wa Asahel.
Mmoja tu amebaki na jina, Submit,
yaani Nyenyekea;
alizaa kumi na mmoja, akazika saba,
halafu akanyamaza kwenye karatasi
kama alivyoagizwa siku ya ubatizo.

Na chini kabisa, Ezra mwenyewe,
aliyeshuka melini mwaka 1638.
Hati ya ardhi: ekari mia mbili, kwa hiari kamili,
kwa makoti matatu na jembe.
Muuzaji hakuandika jina.
Alichora korongo, mguu mmoja juu.
Nilimtazama ndege yule muda mrefu.
Mguu ule haujatua bado.

Kisha orodha ya mali ya marehemu, 1677,
mwandiko wa majirani wawili
waliopita chumba kwa chumba wakitia bei:
Kitanda cha manyoya, pauni mbili.
Biblia na vitabu vidogo, shilingi tisa.
Chungu cha chuma, chenye ufa mdomoni, shilingi saba.
Msichana Nan, mateka wa vita, pauni kumi na nne.
Ndama mmoja.

Nikasoma tena.
Kati ya chungu na ndama.
Bwana Thibodeau akauliza kama nahitaji maji.

Chungu kile nakijua.
Kiko jikoni kwetu, mama alikipandia maua mekundu;
ufa wake nimeupitishia kidole tangu utotoni.
Tumekipokezana kwa wosia na kwa ugomvi,
shangazi wawili walikufa hawasemezani kwa sababu yake.
Nan naye alirithiwa. Haikuandikwa na nani.

Usiku ule nilimwaga udongo, nikakiinamisha kwenye taa.
Chini, tabaka jeusi, gumu kama lami.
Sijui ni mabaki ya mapishi ya nani, ya mwaka gani.
Kila ukoo una ukoko wake,
na huu haukulegea kwa maji baridi.
Nilikwangua kwa kucha hadi kucha ikauma.

Asubuhi Baba akavaa miwani, chati juu ya blanketi.
Kidole chake kikashuka tawi kwa tawi, kwa furaha,
kikakwama pembeni, penye maandishi ya penseli
yasiyo na mstari wa kumuunga na yeyote.

"Nani huyu?"
"Nan."
"Nimeuliza nani."
"Ndiyo, Baba. Nan."

Akanitazama kama anayechezewa.
"Si wetu."
Kisha, baada ya pumzi tatu nne za kijiko:
"Alikuwa analala wapi?"
Nikamwambia orodha haisemi.
Akageukia ukuta.

Fomu ya chama ina kisanduku kimoja chini,
Maelezo Mengine, upana wa stempu.
Nimeichonga penseli, nimeichonga tena.
Theluji inayeyuka paani, tone, tone,
nami kwa mazoea ya kazi
nimetega sikio.