Kumbukumbu za Kikao

Ajenda ya sita: chekechea ya mtaa wa juu.
Naandika: wajumbe tisa, wananchi thelathini na mmoja.
Siandiki kwamba wamepanda ngazi za manispaa
kila mmoja na kiti kwapani,
kiti cha mbao, kimo cha goti, rangi imebanduka,
na mgongoni picha: uyoga, sungura, gari moshi.
Kwa asiyejua kusoma bado, picha ndiyo jina.

Wanavipanga mbele ya meza ndefu.
Theluji inayeyuka, inafanya vidimbwi kwenye zulia.
"Karibuni mkae," asema Tsiuri, mpishi,
kwa sauti ile ile anayogawia uji.
Mwenyekiti Zauri anacheka. Hakai.

Naandika: tanuri la joto limekufa tangu Novemba.
Naandika: watoto sitini na wanne, walezi watatu,
mmoja ana mimba ya miezi minane.
Mlango hufungwa saa nane.
Zamu ya manganizi huisha saa kumi na mbili.

"Hizo saa nne," auliza Lamara, "wangu yuko wapi?
Niambieni ninyi. Mimi niko kwenye mkanda, nachambua mawe."
Anainua viganja. Weusi wake hautoki kwa sabuni.
Siandiki viganja.

Fungu halitoshi, yasema meza.
Itaundwa kamati.
Nje ya dirisha chemchemi mpya
inabadili taa: nyekundu, kijani, zambarau,
inarusha maji kwenye baridi hii, haimnyweshi mtu.
Ile ilipitishwa kwa dakika kumi na moja.
Najua. Niliziandika mimi.

Katibu hana kura. Katibu haulizwi.
Hakuna aliyeuliza, kwa mfano, kuhusu Elizbari,
miaka mitatu na nusu, ambaye tangu saa nane
yuko chini, chumba cha majalada,
amelala juu ya koti langu kati ya mwaka themanini na nne
na themanini na tano.
Picha yake ni nungunungu.
Kiti chake ni cha tatu kutoka kushoto.

Nimesimama. Nimezunguka meza, daftari mkononi.
Nimekaa juu ya nungunungu, magoti yakinigusa kidevu,
na Zauri akanitazama kama kalamu iliyokohoa.

"Endelea kuandika," akasema.

Nikaendelea.
Ajenda ya sita: imeahirishwa hadi Machi.
Mengine yote ni kwa wino.
Hilo neno moja nimeliandika kwa penseli.